Daftari ya Uzito: Kuligeuza Gari la Porini Kuwa Gari la Mbio

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama, nayo yapigwa chapa hapa kwa idhini ya Halmashauri.)



Halmashauri imenitaka niseme jioni hii juu ya jambo ambalo, kwa watu wa kalamu kama sisi, laweza kuonekana kuwa si letu. Nimeombwa kueleza jinsi magari ya porini, yaani Land Rover na Jeep na jamaa zao, yanavyovuliwa na kuundwa upya hata yakawa magari mepesi yenye mbio kali, yale ambayo Wamarekani huyaita hotirodi. Sababu ya kuombwa mwaijua. Baadhi ya vijana wetu wamekwisha kununua mnadani Land Rover kuukuu, na nasikia kwamba neno la kwanza wanalomwuliza fundi ni hili: "Injini gani kubwa kuliko zote itaingia humu?" Mimi naona kuwa swali hilo limeanzia mwisho. Nitasema kidogo habari za wenye kazi hii huko ilikoanzia, kisha nitaingia katika hesabu. Maana jambo hili, nisadikini, ni la daftari kabla ya kuwa la spana.

Kazi yenyewe ilizaliwa kusini mwa California, katika nchi ya Marekani, kati ya vita kuu mbili. Gari lililokuwa rahisi kupatikana na vijana wa kule lilikuwa Ford Model T, lililotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, nalo idadi yake ilipita milioni 15. Twaweza kuliita gari la porini kwa haki, ingawa magurudumu yake ya mbele hayakuvuta. Kwa kuwa lilisimama juu ya ardhi, lilifanywa kwa njia za matope na za mashambani, na chuma chake kilikuwa chembamba lakini kigumu. Nguvu zake zilikuwa za farasi 20 tu, na uzito wake kama ratili 1,200. Kijana maskini hakuweza kununua injini kubwa. Alichoweza ni kuvua. Aliondoa madigadi, taa, kioo cha mbele, paa na viti vya nyuma, akabaki na fremu, injini, usukani na mahali pa kukalia. Kisha alikwenda nalo jangwani, kwenye sakafu ya ziwa lililokauka liitwalo Muroc, mahali palipo tambarare kama meza kwa maili nyingi, akashindana na wenziwe huko. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuwa chama kimoja, Southern California Timing Association, ili mwendo upimwe kwa saa za hakika na matokeo yaandikwe. Angalieni, ndugu: hata vijana ambao watu wengi waliwahesabu kuwa wahuni hawakuweza kuendelea bila makarani.

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, yenye nguvu za farasi 65, tena kwa bei ya mtu wa kawaida, na tangu hapo wengi waliacha kufikiri habari za uzito wakafikiri habari za injini tu. Hilo ndilo kosa ambalo limefika hata kwetu.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, haukutoka kwa vijana wa jangwani, bali ulitoka katika zabuni ya Serikali. Katika Julai 1940 Jeshi la Marekani lilitangaza kwamba linataka gari dogo la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lisizidi ratili 1,300, na la kwanza lifikishwe kwa siku 49. Sisi tuliozoea kusoma matangazo ya zabuni twajua jinsi mtu aliyeketi mezani aandikavyo tarakimu ambayo mwenye nyundo hawezi kuitimiza. Kampuni ndogo ya Bantam, kwa mkono wa mchoraji wake Karl Probst, ilifikisha gari lake mwezi Septemba. Lakini uzito ule haukuwezekana, na mwishowe Jeshi lilikubali ratili 2,160.

Kampuni ya Willys ya mji wa Toledo ilikuwa na injini iliyoshinda za wenziwe: nguvu za farasi 60, hali za wengine zilikuwa kama 45. Walakini gari lao lilizidi kipimo kipya kwa zaidi ya ratili 200. Mkuu wa mitambo wao, Delmar Roos, alikuwa na njia mbili: kutia injini hafifu, au kuipunguza kila sehemu nyingine. Hakuiacha injini. Alilifungua gari lote, kipande baada ya kipande, na kila kipande akakitia katika mizani. Bolti iliyotokeza kupita nati yake ilikatwa. Washa kubwa zilibadilishwa kwa ndogo. Palipokuwa na feleji nzito palitiwa iliyo nyembamba na ngumu zaidi. Wasema kwamba hata rangi ilipimwa, wakaona kuwa mpako mmoja zaidi ungewaharibia kazi. Gari lilipita kwa wakia chache tu. Ndilo Jeep mlijualo katika picha za vita. Watu hucheka wakisikia habari ya rangi, lakini mimi sicheki, kwa kuwa ratili zile zaidi ya 200 hazikupatikana mahali pamoja; zilikusanywa kama senti za mfuko wa akiba.

Sasa nakuja kwa Land Rover, kwa maana wengi wenu mna hilo. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover huko Uingereza alikuwa na Jeep la vita katika shamba lake, na mwaka 1947 gari la kwanza la kujaribia lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Feleji ilikuwa adimu baada ya vita, basi bodi ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, madini ambayo uzito wake ni kama theluthi ya feleji.

Hapa pana jambo la kushika sana. Kijana anunuaye Land Rover kuukuu huanza kuvua milango, madigadi na boneti, akidhani amefanya kama wale wa California. Amejichosha bure. Bati lile la alumini lilikuwa jepesi tangu kiwandani. Uzito wa gari hilo umekaa chini, katika chasisi ya feleji, katika ekseli mbili nzima, katika giaboksi na sanduku la gia za pili lililoshikana nayo, na katika injini ya chuma. Asiye na daftari hawezi kulijua hilo. Aona milango mikubwa, basi hudhani kuwa ni mizito.

Habari za injini nyepesi pia ni za kupendeza. Kampuni ya Buick ya Marekani ilitengeneza, tangu 1961 hata 1963, injini ya silinda 8 ambayo mwili wake wote ni wa alumini, lita 3.5, na uzito wake kama ratili 320. Wamarekani waliiacha upesi wakarudia chuma. Mkuu wa Rover wa siku zile, William Martin-Hurst, aliiona katika karakana ya watengenezaji wa injini za mashua huko Wisconsin, naye alikuwa amekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Akaipenda, na mwaka 1965 Rover walipata haki ya kuitengeneza. Ndugu yake mmoja, aliyetoka Oldsmobile, mwili wake ulichukuliwa na mafundi wa Repco wa Australia, na kwa injini iliyotokana naye Jack Brabham alishinda ubingwa wa dunia mwaka 1966. Kitu kilichotupwa na mmoja kilimfaa mwingine, na hii ndiyo habari ya kazi yote hii ya magari makuukuu.

Mwaka 1970 injini ile ilitiwa katika gari jipya, Range Rover. Gari hilo lilikuwa na springi za koili badala ya za mabamba, breki za diski katika magurudumu yote manne, na magurudumu yote yalivuta wakati wote. Mwaka 1979 Range Rover lilishinda mashindano ya kwanza ya kutoka Paris hata Dakar, na tena mwaka 1981. Basi si ajabu mafundi wa Uingereza walipoona kuwa humo mna mfupa mzuri wa gari la mbio. Marehemu Drew Bowler wa Derbyshire alianza kazi hiyo mwaka 1985. Alichukua injini, ekseli na gia za magari ya namna hiyo, akaacha bodi, na gari lake lililoitwa Wildcat lilikuwa na fremu ya mabomba yaliyoungwa na juu yake ngozi nyepesi tu. Alifariki mwaka 2016, na mwishoni mwa 2019 kampuni yake ilinunuliwa na watengenezaji wa Land Rover wenyewe.

Haya, tupige hesabu. Range Rover la 1970 lilikuwa na nguvu za farasi 135 hivi na uzito wa ratili 3,800 hivi. Kila ratili 100 zavutwa na farasi 3 na nusu. Tuseme fundi ameondoa viti vya nyuma, paa, vioo, mazulia, bampa nzito, mlango wa nyuma na mengineyo, akafika ratili 2,900. Injini ni ile ile, haikuguswa hata msumari. Sasa kila ratili 100 zina farasi 4 na zaidi ya nusu. Kama mngetaka kufika hapo pasipo kuondoa uzito, mngehitaji injini ya farasi 177. Basi ratili 900 zilizoondolewa zimefanya kazi ya farasi 42, wala hawali petroli, hawachemshi rejeta, hawavunji giaboksi. Tena wanasaidia wakati wa kupiga breki na wakati wa kukata kona, ambapo injini kubwa haisaidii kitu.

Daftari yenyewe ni rahisi. Chora safu nne: jina la kipande, uzito wake, kitu kilichotiwa badala yake, na uzito wa hicho kipya. Lakini kabla ya kufungua nati ya kwanza, lipeleke gari kwenye mizani ya malori. Upime magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Rudia kila baada ya juma la kazi. Si jumla tu itakiwayo, bali pia mgawanyo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Gari la porini likivuliwa, aghalabu uzito mwingi huondoka nyuma. Breki zake zilipangwa na kiwanda kwa gari lenye mzigo nyuma. Sasa nyuma ni nyepesi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya nyuma hujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari hugeuka likatazama lilikotoka. Kwa maili 20 mtu atacheka. Kwa maili 70 atazikwa. Yapasa nguvu ya breki ya nyuma ipunguzwe kwa kifaa maalum, na jambo hilo lijaribiwe mahali patupu, pole pole, kabla ya gari kufika barabarani.

Na katika habari ya breki, jueni kuwa mwendo hauongezi kazi yake kwa kipimo kile kile. Gari lenye mwendo wa maili 80 kwa saa lina nguvu mara nne ya lile la maili 40, wala si mara mbili. Nguvu hiyo yote hugeuka joto katika breki. Land Rover za kwanza zina breki za ngoma pande zote, nazo zilifanywa kwa gari la farasi 50. Mwenye kutia injini ya lita 3.5 akaziacha breki zile, mimi siwezi kumwita fundi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazamii. Ukiondoa uzito, springi hupumua na gari huinuka. Gari la porini tangu hapo ni refu, nawe umelifanya refu zaidi, kisha wataka kulipeleka mbio kwenye kona! Tena springi zile zilizobeba nusu tani sasa ni ngumu kupita kiasi. Gurudumu likipanda jiwe halirudi upesi kushika ardhi, bali gari zima huruka. Katika springi za mabamba waweza kupunguza bamba moja au mawili. Katika za koili hutafutwa nyingine laini na fupi. Lakini usiteremshe gari pasipo kutazama pembe ya shafti na nafasi iliyobaki kati ya ekseli na chasisi. Nimeona watu wakikata koili kwa moto. Moto huharibu ugumu wa feleji, na springi ya namna hiyo haiaminiki tena.

Habari ya ekseli na gia nitapita haraka. Difu za Land Rover za kale zina uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani ni za kupanda milima, si za kwenda mbio. Za Range Rover ni 3.54 kwa 1, nazo huingia katika ekseli zile. Badiliko hilo peke yake humpa mwenye gari theluthi moja ya mwendo zaidi kwa mzunguko ule ule wa injini. Lakini vyuma vya kuzungushia magurudumu ya nyuma katika Land Rover kuukuu vina sifa ya kukatika hata kwa injini yake ya asili. Ukiongeza nguvu, vitie vilivyo imara. Wengine hupenda kuacha magurudumu ya nyuma tu yavute, ili kuokoa uzito. Katika Range Rover, ukitoa shafti ya mbele pasipo kuifunga difu ya katikati, gari halitaondoka mahali pake, nguvu yote itapotea upande ulio wazi. Mimi naona yafaa kuacha magurudumu yote manne yavute, kwa maana barabara zetu za changarawe zitalipa gharama ile.

Katika kuvua, kuna vitu ambavyo daftari haina ruhusa ya kuvigusa. Mikanda ya viti. Kioo cha usalama. Upinde wa bomba la feleji juu ya kichwa cha dereva, ambao katika gari lisilo na paa yapasa uongezwe hata ukileta ratili 60. Bolti zilizofanywa kwa feleji ngumu katika stelingi na springi zisibadilishwe na bolti za dukani kwa sababu zafanana kwa kutazama. Roos alikata ncha iliyozidi, hakupunguza mwili wa bolti. Na chasisi isitobolewe ovyo. Mabango ya juu na ya chini ya fremu ndiyo yabebayo. Tundu likiwekwa pembeni mwa bango huanza ufa. Tena, mahali alumini inapogusana na feleji na maji yakaingia, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Kila mwenye Land Rover kuukuu ameuona. Weka kitu cha kuzitenga.

Naulizwa: gharama je? Jibu langu ni kwamba kuvua hakugharimu ila muda, na vipande vilivyovuliwa vyaweza kuuzwa, maana milango mizima na viti vizima vina wanunuzi. Kwa hiyo daftari na iwe na safu ya tano, ya fedha zilizoingia. Fedha hizo ziende kwanza kwenye breki, kisha springi na matairi. Injini ije mwisho, ikiwa bado yahitajika. Wengi wataona haihitajiki.

Limebaki neno la ofisi, nalo twalijua kuliko mafundi. Kadi ya gari imeandikwa nambari ya injini na ya chasisi, pamoja na namna ya bodi. Aliyebadili injini asilichukue gari barabarani kabla ya kwenda kuandikisha badiliko na kulionyesha gari kwa mkaguzi. Wenye bima nao waambiwe kwa barua, na nakala iwekwe. Gari lililobadilishwa kwa siri laweza kukosa bima siku ile ile inapohitajika, na aliyegongwa hana kosa kwamba dereva aliona uvivu kuandika barua.

Nimepiga mistari ya daftari ya namna niliyoisema, kurasa nne, pamoja na majina ya vipande vya Land Rover kama vilivyo kwa kufuatana, toka bampa ya mbele hata ya nyuma. Nakala iko mezani kwa Bwana Katibu, na mwenye mashine ya chapa aweza kuitoa nyingine. Mizani ya malori huwa tupu Jumamosi baada ya saa nane mchana. Niko tayari kusikia maswali.